Kusema, kuonyesha, kupiga mdundo au kushika mkono: njia ipi inamfaa mtu mzima mwenye sindromu ya Down?

Unamwambia mtu mzima mwenye sindromu ya Down, "Inua mguu wa kulia, uweke kwenye ngazi, halafu shika chuma kwa mkono wa kushoto." Anakutazama tu. Unarudia, safari hii kwa sauti ya juu. Bado amesimama. Mara anapita mtu mwingine, anapanda ngazi ileile, na yeye anamfuata bila shida yoyote, mguu wa kulia ukitangulia na mkono wa kushoto ukiwa palepale ulipoutaka. Waliokuwa wakitazama watasema ni mkaidi. Mimi nasema kilichokwama ni agizo, wala si mguu.

Nalinganisha hapa njia nne za kumwelekeza mtu mzima mwenye sindromu hii, yaani aliyezaliwa na nakala ya tatu ya kromosomu ya 21, afanye tendo la mwili, iwe ni zoezi, kazi ya nyumbani au kazi ya kulipwa: kusema, kuonyesha, kupiga mdundo na kumshika mkono. Kila moja ina mahali pake, ila hazilingani nguvu, na anayezitumia zote kwa mpigo humchosha mwenzake na kujichosha mwenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema: anza kwa kuonyesha, punguza maneno, mdundo uwe wa kazi zinazojirudia, mkono uje mwisho. Kuna kazi ambazo mpangilio huo unapinduka, nazo nitazitaja.

Kuchelewa kunatokea wapi

Tangu ishara ionekane au isikike hadi tendo likamilike kuna mambo matatu yanayofanyika: ishara inapokelewa, la kufanya linachaguliwa, mwili unatekeleza. Mtu akichelewa, swali la kwanza liwe amechelewa katika lipi.

Kwa watu wazima wenye sindromu ya Down, muda wa kuanza kuitikia huwa mrefu kuliko wa wenzao wa umri uleule, na zaidi ya hapo hubadilikabadilika sana. Ishara ileile, siku ileile: mara ya kwanza anaitikia chapuchapu, mara ya pili anakawia, mara ya tatu anakaa katikati. Huku kupanda na kushuka ndiko kunakomdanganya mtazamaji. Akishaona jambo limefanyika upesi mara moja, anaamini kuwa kuchelewa kunakofuata ni kwa makusudi. Pia tofauti ya kazi ina uzito. Taa moja na kitufe kimoja ni jambo jepesi. Taa mbili na vitufe viwili, ambapo lazima aamue kipi ni cha ipi, ni jambo lingine kabisa. Ukitaka kumsaidia mtu aitikie upesi, mara nyingi dawa ni kumpunguzia machaguo kabla ya kumhimiza aongeze kasi.

Hatua ya tatu, ya mwili wenyewe, ina sababu zake. Misuli huwa na ulegevu tangu utotoni, viungo hunyumbuka kupita kawaida, na ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mizani na mwendo huwa ndogo kuliko kawaida. Matokeo yake ni kwamba wengi hukaza misuli miwili inayopingana kwa wakati mmoja, ya kukunja na ya kukunjua, wanapotaka kusogeza kiungo. Mkono unakwenda polepole, lakini hautikiswi kirahisi. Mtafiti Mark Latash na wenzake wameutazama mtindo huu kama njia ya kujilinda: mtu asiyeamini kwamba mwili wake utamjibu ipasavyo huchagua usalama kwanza. Mwenda pole hajikwai, na hapa methali hiyo ni maelezo ya namna misuli inavyofanya kazi.

Tena si jambo lisilobadilika. Mwaka 1994 Gil Almeida, Daniel Corcos na Latash walichapisha utafiti ambamo watu wenye sindromu ya Down walirudia tendo moja la kukunja kiwiko kwa kasi, mara nyingi mno. Baada ya mazoezi hayo kasi yao ilipanda sana, mpangilio wa misuli yao ulianza kufanana na wa watu wengine, na faida ilivuka hata kwenye umbali ambao hawakuufanyia mazoezi. Kwa hiyo anayesema "huyu ndivyo alivyo, ni wa polepole tu" anasema upesi mno. Mara nyingi hakuna aliyempa nafasi ya kurudia kiasi cha kutosha.

Kuna na suala la kuchuja. Umakini ni kushika kitu kimoja na kuacha vingine vipite, na hiyo sehemu ya kuacha ndiyo ngumu zaidi kwa wengi wao. Redio inayoongea pembeni, mtu anayeingia mlangoni, vyombo vitatu mezani wakati kinachohitajika ni kimoja: kila kimoja kinadai sehemu ya umakini uleule. Kazi mbili kwa pamoja nazo huonekana mwilini. Mtu anayetembea vizuri peke yake akipewa kitu cha kubeba au akiulizwa swali njiani, hatua zake hubadilika: mwendo unapungua, hatua zinafupika. Kumsemesha mtu wakati anashuka ngazi, hata kwa nia ya kumtia moyo, ni kumwongezea mzigo pale ambapo anahitaji kuwa mwepesi.

Maneno na macho, ana kwa ana

Huu ndio ulinganisho wenye uzito zaidi, kwa sababu karibu sote tunaanza na maneno bila kufikiri. Ndiyo njia rahisi kwa anayeelekeza. Kwa anayeelekezwa, ni njia yenye milima miwili.

Mlima wa kwanza ni kumbukumbu ya muda mfupi. Mtu mzima wa kawaida anaweza kurudia tarakimu takriban 7 alizozisikia punde hii. Kwa watu wazima wenye sindromu ya Down idadi hiyo kwa kawaida ni 3 au 4. Kumbukumbu ya mahali na umbo, yaani kukumbuka kitu kilikuwa wapi na kilionekanaje, haijaathirika kwa kiwango hicho. Ni moja ya nguzo zao. Hesabu sasa agizo la ngazi nililoanza nalo: kuinua, mguu, kulia, kuweka, ngazi, kushika, chuma, mkono, kushoto. Hadi unafika "kushoto", "kulia" imeshapotea. Hakuna ukaidi wowote hapo.

Mlima wa pili ni wa ubongo wenyewe, na ulizua mjadala mrefu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kanada, akiwemo Digby Elliott, pamoja na Daniel Weeks na Romeo Chua, walichunguza namna watu wenye sindromu ya Down wanavyosikiliza maneno tofauti yanayoingia masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia huyashika vizuri maneno ya sikio la kulia, maana sikio hilo linapeleka zaidi upande wa kushoto wa ubongo unaoshughulikia lugha. Miongoni mwa wenye sindromu ya Down wengi walionyesha kinyume: sikio la kushoto lilishinda. Lakini upangaji wa mwendo kwao ulionekana kubaki upande wa kushoto kama kwa watu wengine. Wazo lililotoka hapo ni kwamba maneno yanapokelewa upande mmoja wa ubongo, mwendo unapangwa upande mwingine, na safari kati ya pande hizo mbili inagharimu muda na usahihi. Si kila jaribio lililofuata lilitoa picha safi kama hiyo, na mimi nisingemchukulia kila mtu kuwa mfano wa nadharia. Hata hivyo jambo la kivitendo limejirudia: mwendo ulioagizwa kwa maneno huwa na makosa zaidi na huchelewa zaidi kuliko mwendo uleule ukionyeshwa.

Kuonyesha kunaivuka milima yote miwili. Umbo la tendo linaingia kama umbo, na linatoka kama umbo. Hakuna kutafsiri "kulia" kuwa mguu huu.

Ila kuonyesha nako kuna namna. Ukisimama mkitazamana, mkono wako wa kulia uko upande wa mkono wake wa kushoto, na umemwongezea fumbo ambalo hakuliomba. Simama kando yake, mkitazama upande mmoja, au simama mbele ukiwa umempa mgongo. Onyesha tendo zima mara moja kwa kasi ya kawaida ili aone linakoelekea, kisha lirudie polepole, hatua moja moja. Na unapoonyesha, nyamaza. Hili ndilo linalotushinda wengi. Tunaonyesha huku tunaeleza, tukidhani tunampa njia mbili za kuelewa, kumbe tunamlazimisha agawe umakini ambao tayari una kazi.

Jambo jingine ni macho yenyewe. Wengi wenye sindromu ya Down hawaoni kwa ukali wa kawaida hata wakivaa miwani iliyopimwa vizuri, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana huwapotea. Kuonyesha mshono wa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, au kuweka alama ya kijivu kwenye sakafu ya kijivu, hakuhesabiki kama kuonyesha. Tumia rangi zinazogombana, tendo liwe kubwa, mwanga utoke mbele ya kinachotazamwa na usimpige yeye usoni.

Je, video au mtu aliye hai? Video haichoki, haibadilishi mpangilio wa hatua, wala haipandishi sauti inaporudiwa mara ya kumi. Kwa kazi yenye mpangilio usiobadilika, kama kuwasha mashine ya kufulia au kupanga vifaa vya kazi, naipa video alama nyingi zaidi, hasa iliyopigwa kutoka usawa wa macho ya mtendaji ili mikono inayoonekana iwe kama mikono yake. Yeye mwenyewe akiwa ndiye mtendaji kwenye video, baada ya kufaulu mara moja, hutazama kwa hamu zaidi. Lakini video haioni kwamba ameshika kifaa kinyume. Kwa tendo la mwili mzima, lenye hatari ya kuanguka, au lenye mpira unaokuja kwa kasi tofauti kila mara, mtu aliye hai ni bora.

Picha zilizopangwa ukutani ziko kati ya hizo mbili. Hazionyeshi mwendo, kwa hiyo hazifundishi tendo jipya, ila zinamkumbusha linalofuata bila mtu yeyote kumsemesha, na hilo kwa mtu mzima lina heshima yake.

Maneno hayatupwi. Uelewa wa msamiati kwa watu wazima wengi wenye sindromu hii huzidi kwa mbali kile wanachoweza kukitamka, na kuwasemesha kama watoto ni kuwakosea adabu. Ninachopinga ni maneno mengi kwa wakati wa tendo. Neno moja, "shika" au "geuka", lililoambatanishwa na tendo ambalo tayari amelizoea kwa macho, hufanya kazi nzuri. Maneno pia ndiyo njia pekee ya kusema kwa nini tunafanya jambo, kumuuliza kama anataka kuendelea, na kumpa sifa inayotaja alichofanya. Yaseme kabla ya tendo au baada yake.

Halafu subiri. Baada ya kutoa agizo, hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia. Ukirudia kwenye sekunde ya tatu, hasa ukibadilisha maneno ukidhani unarahisisha, yeye anaanza upya kulichambua agizo jipya, na la kwanza linapotea likiwa njia nusu. Nimeona walezi wazuri sana wakishindwa na hili peke yake.

Na ukimsikia anajisemea kwa sauti ya chini, "sasa shika, sasa vuta," usimkatize. Kujisemea ni jambo la kawaida sana kwa watu wazima wenye sindromu ya Down, na mara nyingi ndivyo wanavyojiongoza. Maneno yake mwenyewe hayana ile safari ndefu ya maneno yako.

Mdundo

Mdundo unaingia kwa sikio kama maneno, lakini hauhitaji kutafsiriwa. Ndiyo maana hukumu dhidi ya maneno haiuhusu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Robertson, Van Gemmert na Maraj kuhusu watu wazima wenye sindromu ya Down waliofanya tendo la mikono miwili lililoendelea bila kukatika, na taarifa ya kusikika iliwasaidia. Nalitaja kwa sababu watu wengi, wakishasikia kwamba "hawa hujifunza kwa macho", huzima kila kitu chenye sauti. Hilo ni kosa la upande wa pili.

Tofauti iko kwenye aina ya tendo. Kufagia, kupiga makasia, kukanyaga baiskeli ya mazoezi, kupangusa meza, kutembea kwa hatua zilizo sawa: hayo ni matendo yanayojirudia, na tatizo lake si kujua la kufanya bali ni kushika kasi na kuendelea. Hapo mdundo unalipiku onyesho. Kwa tendo lenye mwanzo na mwisho, kama kufunga zipu au kumimina maji bila kumwaga, mdundo hausaidii, na mara nyingine unamharakisha mtu pasipo na haja.

Kasi ya mdundo ianzie pale alipo yeye. Mpime kwanza anavyokwenda bila mdundo, weka mdundo hapohapo, kisha upandishe kidogo kidogo. Muziki wenye maneno tafadhali uuache kwa wakati wa kucheza. Kwenye mazoezi maneno yale yanarudisha tatizo lilelile la kugawa umakini. Ngoma tupu au mlio wa saa ya mazoezi unatosha.

Hapa niguse jambo lililo jirani. Shannon Ringenbach na wenzake huko Marekani wamefanyia kazi baiskeli yenye mota, inayozungusha kanyagio kwa kasi kuliko ile ambayo mwendeshaji angeifikia mwenyewe. Kwa vijana wenye sindromu ya Down, mazoezi hayo yaliambatana na kuimarika kwa uwezo wa kuzuia jibu lisilotakiwa, yaani ile sehemu ya umakini niliyosema ni ngumu. Sisemi mtu akanunue mashine. Ninachokichukua hapo ni kwamba miguu na umakini havikai vyumba tofauti, na kipindi cha mazoezi yenye kasi kabla ya kazi inayohitaji utulivu ni jambo la kujaribu.

Mkono

Kumshika mkono na kumwendesha ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Tendo linafanyika, kila mtu anaridhika, ila lililofanya kazi ni mkono wako. Misuli yake haikupanga chochote, na kesho atasubiri mkono ule urudi. Kwa mtu mzima kuna na heshima: mwili ni wake, na kumshika bila kumwambia kunamfundisha kwamba yeyote anaweza kumshika. Hilo lina hatari kubwa kuliko kushindwa kufunga kamba za kiatu.

Hata hivyo kuna mahali mkono unashinda. Mkao wa kuanzia tendo, kwa mfano mgongo ukae vipi kabla ya kuinua mzigo, ni vigumu kuuona mtu akionyesha, na ni vigumu zaidi kuueleza. Kidole kimoja kwenye bega au kiunoni kinasema kwa sekunde moja. Asiyeona vizuri naye anahitaji kuguswa zaidi ya kuonyeshwa. Ukilazimika kuongoza mikono, weka mkono wako chini ya wake badala ya juu, ili yeye awe anaufuata kwa hiari na aweze kuuacha wakati wowote. Na panga tangu mwanzo namna utakavyoondoka: leo kiganja, baadaye kifundo, baadaye kiwiko, halafu upo karibu tu.

Onyo moja halina mjadala: usimsukume wala kumvuta kichwa au shingo. Pingili mbili za juu kabisa za shingo huwa zimelegea kupita kiasi kwa baadhi ya watu wenye sindromu hii; picha za eksirei huonyesha hali hiyo kwa kati ya asilimia 10 na 20, ingawa wanaopata dalili ni wachache zaidi. Kubiringika kichwa-chini na kubeba uzito juu ya kichwa ni mambo ya kumuuliza daktari kwanza. Maumivu ya shingo, kichwa kuinama upande, mikono kudhoofu, mwendo kubadilika ghafla au kushindwa kuzuia mkojo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukipewa kazi hii, chagua hii

Kufundisha kudaka mpira: onyesha, ukisimama kando, na mrushaji awe mtu mwingine. Mpira uwe mkubwa, wa rangi inayojitenga na ukuta, na ndiyo kitu pekee kinachosogea. Ukitaka aitikie upesi zaidi, mpira utoke upande mmoja tu mpaka azoee, ndipo uanze kubadilisha pande. Wengi hubadilisha mapema mno.

Kuvuka barabara ni kazi ya umakini kuliko ya mwendo. Hapa nachagua onyesho kwenye barabara yenyewe, na neno moja la kusimama, lilelile siku zote, lisilotumika mahali pengine popote. Usimpe kitu cha kubeba katika siku za mwanzo, na mazungumzo yaishe kabla hamjafika ukingoni. Neno la kusimama ndilo agizo pekee ambalo ningelianza na sauti kabla ya macho, kwa sababu sauti inamfikia hata akiwa anatazama kwingine. Lifanyieni mazoezi mahali salama hadi mwili ujibu wenyewe.

Kazi ya meza yenye hatua nyingi, kama kufungasha au kupanga: video au picha, vitu vikiwa vimetandazwa kwa mpangilio wa kutumika kuanzia kushoto kwenda kulia, kisicho cha hatua ile kiwe kimefunikwa. Watu wazima wengi wenye sindromu ya Down hupenda mpangilio usiobadilika, na kwenye kazi kama hii tabia hiyo, ambayo kwingine huitwa usumbufu, inakuwa mtaji. Lakini ukifundisha hatua vibaya mwanzoni, kuzibadilisha baadaye ni kazi kweli, hivyo jaribu mpangilio wako mwenyewe kabla ya kumpa.

Kupanda ngazi: onyesha, gusa kiunoni ikibidi, kaa kimya. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayoonekana. Wanapata shida zaidi kushuka kuliko kupanda, kwa sababu kupima kina kwa macho ni kugumu.

Kucheza ngoma au mazoezi ya viungo ya kikundi: mdundo na onyesho pamoja, na mwalimu afunge mdomo wakati wa wimbo. Hii ni kazi ambapo njia mbili kwa mpigo hazigombani.

Kagua haya kabla ya kulaumu njia

Njia nzuri juu ya sikio lililoziba haifiki popote. Matundu ya masikio huwa membamba, nta hujaa kwa urahisi, na upungufu wa kusikia ni wa kawaida sana na huongezeka mapema kadiri umri unavyosogea. Macho hupata mtoto wa jicho mapema kuliko kwa watu wengine, na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kuchongoka ni jambo linaloonekana mara nyingi zaidi. Tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu anakuwa mzito, anakawia kuitikia, anaonekana hajali. Kipimo cha damu kinaonyesha na dawa ipo. Kukatika kwa pumzi usingizini kunawapata zaidi ya nusu ya watu wazima wenye sindromu hii, na mtu ambaye usiku kucha ameamshwa na pumzi yake hana umakini wa kukupa asubuhi. Anayekoroma kwa nguvu, analala ameketi au anasinzia mchana apelekwe kupimwa.

Kwenye mazoezi mazito, kumbuka moyo wao haupandi mapigo hadi kiwango cha juu cha watu wengine wa umri huo. Jedwali la mapigo ya moyo lililobandikwa kwenye mashine halikutengenezwa kwa ajili yake. Tazama pumzi, na kama bado anaweza kusema sentensi fupi.

Akikaribia miaka 40

Ulinganisho wote huu unachukulia kwamba uwezo wake wa leo ni ule wa mwaka jana. Baada ya 40 usichukulie hivyo. Kromosomu ya 21, ambayo wao wanayo nakala ya tatu, ndiyo inayobeba jeni ya protini ya APP, ambayo ndiyo chanzo cha mabonge yanayojikusanya kwenye ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer. Karibu watu wote wenye sindromu ya Down huwa na mabadiliko hayo ya ubongo wakifika miaka 40, ingawa dalili kwa wastani hugunduliwa baadaye, katikati ya miaka ya 50. Si kila anayepunguza kasi akiwa na miaka 42 ana Alzheimer. Tezi, masikio, usingizi mbovu, huzuni ya kufiwa: vyote hivyo huiga, na vyote vinatibika au kupunguzika.

Dalili za mwanzo mara nyingi hazianzi na kusahau. Zinaanza na umakini unaokatika, kazi ya hatua tano inayoishia ya tatu, mwendo unaoburuza, kusita mlangoni pale rangi ya sakafu inapobadilika. Ni mambo yaleyale ambayo mlezi amezoea kuyaona kwa kiasi, ndiyo maana yanampita. Tena usitarajie njia ileile iendelee kushinda: onyesho la hatua tano lililokuwa linatosha litabidi liwe la hatua mbili, na mkono, niliouweka mwisho, utaanza kupanda nafasi.

Kinachomsaidia daktari ni ushahidi wa alivyokuwa. Akiwa na miaka 30 na kitu, na akiwa mzima, mpige video fupi kwa ridhaa yake akipanda ngazi, akivaa shati lenye vifungo na akifanya kazi moja ya hatua kadhaa anayoipenda. Rudia kila mwaka, mahali palepale, kazi zilezile, bila kumsaidia na bila kumsemesha. Andika pembeni alielekezwa kwa njia gani na ilimchukua muda gani kuanza. Siku ukihisi kuna kitu kimebadilika, peleka video hizo pamoja na majibu ya vipimo vya masikio, macho na tezi.